Ngozi Haikunjwi

Ngozi ya ng'ombe haikunjwi. Mkeka utaukunja, hati ya kiwanja utaikunja ukaitia mfukoni, lakini ngozi nzito iliyotengenezwa kwa magome ya miti ukiikunja leo, kesho ina mstari, na mstari huo utaishi nao mpaka mkanda uchakae. Ngozi huviringishwa. Na nusu ya ngozi ya ng'ombe mkubwa, ambayo ndiyo tunayouziwa sisi mafundi wa majumbani, ina futi za mraba 20 na ushei. Ikishaviringishwa, inasimama kimo cha mtu mzima.

Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia una karakana nyumbani wanakushauri rafu. Tundika rafu, Mama Nuru, utaona mambo yanavyonyooka. Nimepanga Tabata, vyumba viwili na sebule, mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani hata wa kalenda, halafu naambiwa rafu! Shida ya karakana ya nyumbani ni mipaka. Kila kifaa cha ngozi kinafanana na kitu fulani cha jikoni, cha chumbani au cha kwa mganga, na kila anayeingia ndani anajiona ana haki nacho.

Ngozi yangu ya kwanza niliisimamisha kwenye korido, nyuma ya pazia, kwa kuwa ndipo penye hewa na kivuli. Baba Nuru akarudi kutoka zamu ya usiku, umeme umekatika, akamulika na simu, akaona mtu amejibanza nyuma ya pazia. Mume wangu si mtu wa kupiga mayowe. Alinyata mpaka jikoni, akatwaa mchi, akarudi akaitwanga ngozi ya mgongo. Ngozi ikamwangukia, wakaenda chini wote wawili, na mimi nikaamshwa na sauti yake ikisema, "Tulia! Tulia nakwambia!" Ilitulia. Majirani waliokuja na mapanga walimkuta amekumbatia ng'ombe katikati ya korido, amemdhibiti barabara. Mpaka leo vijana wa mtaani wanamwita Mchunaji.

Tangu hapo ngozi zinalala chini ya kitanda chetu, zimefungwa kwa khanga kuukuu. Khanga inapumua. Nailoni haipumui, na joto la Dar es Salaam likikutana na mvua za masika, ngozi iliyofungwa kwenye nailoni utaifungua Mei imeota ukungu wa kijani.

Utauliza mtu anayefanya kazi ya mahesabu ofisini amepata wapi wazimu huu. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Lakini nenda dukani ukanunue "mkanda wa ngozi" wa bei ya kawaida: haupiti muda unaanza kubambuka, na ndani unakuta kitambaa, gundi na ahadi. Mmoja wa mikanda hiyo ulimkatikia Baba Nuru Jumapili, mbele ya usharika, akiwa ameshika kikapu cha sadaka kwa mikono yote miwili. Ilibidi achague. Sadaka haikumwagika hata shilingi. Wiki iliyofuata nilianza kujifunza kushona mikanda.

Karakana ni meza ya chakula, kuanzia vyombo vinapoondolewa mpaka watu wanapokwenda kulala. Hayo ndiyo makubaliano. Ila mkataba wetu haukusema lolote kuhusu mikono yangu. Mshono wa mkono unashonwa kwa sindano mbili, moja kila ncha ya uzi, zikipishana katika tundu lilelile. Ndiyo sababu uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki kama ule wa cherehani. Gharama yake ni kwamba unakata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Mshono wa mita moja, uzi mita nne, na kila ukivuta unatandaza mikono kushoto na kulia kama mchungaji anayetoa baraka. Siku ya Simba na Yanga, watu wamejazana sebuleni, kiwiko changu cha kulia kilipata bega la shemeji na cha kushoto kikapata kikombe cha uji. Bao lilifungwa wakati huohuo. Sikulaumiwa na mtu, maana nusu ya sebule walidhani nashangilia.

Kisu ndicho kilichonitesa. Kisu cha kupunguzia unene wa ngozi unakinoa mpaka kinanyoa malaika ya mkononi, kisha unakipitisha kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia, mbele nyuma, mbele nyuma, jioni nzima. Katika nyumba yenye visu butu tu, kisu kikali hakifichiki. Nilikikuta jikoni kinamenya muhogo. Kimeshamenya fungu zima, makali yamekuwa meno ya mamba, na dada anayetusaidia kazi ananitazama kwa furaha ya mtu aliyevumbua kitu. "Mama Nuru," akasema, "kumbe tulikuwa na kisu! Vile vingine ni vijiko."

Halafu nta. Uzi wa kitani haushoni ngozi mpaka upitishwe kwenye nta ya nyuki, ili uteleze na maji yasiupenye. Nilikuwa na bonge zuri kutoka Tabora, rangi ya hudhurungi, linanukia asali, nimeliweka kwenye kopo lililokuwa la majani ya chai. Wifi alikuja kututembelea, akaamka mapema kuliko sisi, akaamua atupikie chai ya maziwa. Akafungua makopo kutafuta sukari, akakutana na bonge. Sukari guru! Akakata kipande cha kutosha, akatia kwenye sufuria. Akaonja, haijakolea. Akaongeza.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto kati ya 62 na 64, na chai inachemka juu sana ya hapo, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeshuku kitu. Nyumba nzima ilinukia vizuri. Tulimsifu. Vikombe vilipoanza kupoa ndipo midomo ilipoanza kuteleza. Juu ya kikombe cha Baba Nuru kulikuwa na utando wa njano. Akadhani ni maziwa, akaupuliza, haukusogea. Akaugonga kwa kijiko. Ukalia: ko, ko. Tulipokwenda jikoni chujio lilikuwa limezibwa kila tundu, na chupa ya chai ilikuwa imejifunga mfuniko kwa lakiri yake yenyewe.

"Wifi," akaniuliza, "hii sukari guru ya wapi?"

"Ya Tabora."

Akatafakari. "Watu wa Tabora wana kazi," akasema.

Sasa kelele. Matundu ya mshono yanatobolewa kwa uma wa chuma wenye meno, unausimamisha juu ya ngozi na kuugonga kwa nyundo ya mbao. Ukigonga kwenye meza tupu, meza inadunda, uma unaruka, na jirani wa ukuta wa pili anakuuliza asubuhi kama mnaongeza chumba. Dawa yake inajulikana na mafundi wote: weka jiwe zito na bapa juu ya meza, mahali penye mguu wa meza chini yake, ili pigo lishuke moja kwa moja sakafuni. Jiwe linalofaa ni granaiti, na granaiti mpya ina bei ya kumfanya mtu arudi kwenye uhasibu. Nikampata fundi wa mawe ya makaburi aliyekuwa na kipande kilichokataliwa. Familia ilileta maneno sahihi, yeye akachonga PUMZIKA KWA AMNAI BABA. Hawakulichukua. Akanikatia sehemu yenye maandishi, akaniuzia kwa bei ya kuku. Maandishi niliyalaza chini, mgongo ukatazama juu, na kelele zikaisha. Sikuona sababu ya kumweleza mtu yeyote.

Lililobaki lilikuwa rangi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ya miwati ikiwa na majimaji haitaki kuguswa na chuma. Nilikuwa nimelowesha pochi ili ishike umbo, nikaiacha mezani ikauke, na Baba Nuru alipoingia akatupa funguo zake juu yake, kama anavyozitupa juu ya chochote. Asubuhi pochi ilikuwa na picha ya funguo zote, nyeusi ti, meno na tundu la pete havikukosekana. Tanini ya magome ikikutana na chuma na maji inazaa weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Wino wa kale wa kuandikia nyaraka ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Pochi aliinunua dereva wa bodaboda aliyedhani ni urembo, akaagiza na ya rafiki yake.

Nikaona basi, kama weusi wenyewe ni rahisi hivi, kwa nini ninunue rangi? Unatia misumari yenye kutu kwenye siki, unalegeza mfuniko kwa sababu mchanganyiko unatoa gesi, unauacha kwa siku kadhaa. Ukiupaka kwenye ngozi ya magome, ngozi inageuka nyeusi ukiitazama. Chupa yangu niliiweka juu ya kabati la chumbani, mbali kabisa na kachumbari. Hapo nilijiona nimepanga vizuri.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Njombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akasimama mlangoni, akanusa. "Hapa pananuka miwati."

Moyo wangu ukatulia. Huyu ni mtu wa Njombe, kwenye mashamba ya miwati yaliyopandwa tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya magome haya haya. Akiwa msichana alikuwa akiwapelekea chakula wabanduaji wa magome. Akaishika ngozi, akaikunja ncha kidogo akaiachia, akatikisa kichwa kuikubali. Nikampa chumba chetu kwa heshima zote, sisi tukalala sebuleni.

Sikufikiria chumba chenyewe kilivyo kwa mtu asiyeelezwa. Chini ya kitanda kuna kitu kirefu kimefungwa khanga kama maiti. Juu ya kabati kuna chupa ya maji meusi yenye misumari ndani. Kwenye droo kuna bonge la nta limechomwa sindano pande zote, na uzi umezungushwa. Mama hakusema neno. Ila alikesha, nilisikia kitanda kinalia.

Kulipokucha, akiwa mama wa kazi asiyeweza kukaa bure, akaamua kufuta meza. Akanyanyua jiwe afute na chini yake. Nilikuwa bafuni. Nilisikia kimya, kisha nikasikia akisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipotoka alikuwa amekaa, jiwe liko mapajani, na Baba Nuru amesimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Mama, hilo ni la kugongea."

"La kumgongea nani?"

Nikajaribu kueleza. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Mwanangu hajafika hata miaka hamsini. Ana mafua tu. Wewe umeshamnunulia jiwe!" Akalitazama tena, na nadhani hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi, maana alikuwa mwalimu wa watu wazima enzi za elimu ya ngumbaro. "Na hata *amani* imekushinda kuandika?"

Mzee wa kanisa aliitwa. Alikuja na wenzake wa maombi, wakaizunguka meza, na ilibidi nikate kipande cha ngozi mbele yao, nitoboe, nishone, nipake yale maji meusi, ili waone kila kifaa kinafanya nini. Ibada ilikwenda vizuri. Mzee wa kanisa aliondoka na kipimo cha kiuno chake kwenye daftari langu la oda. Mama mkwe akavuta kiti akakaa karibu, akashika nyundo, akagonga tundu moja, akagonga la pili. Jioni alikuwa ananikosoa kwamba mistari yangu haijanyooka.

Na ni yeye aliyepanga karakana hii, nisijitwalie sifa. Alichukua shuka la zamani, akalishonea mifuko safu tatu, akalitundika kwenye komeo la mlango wa sebule bila msumari hata mmoja. Kila chombo kina mfuko wake, vya chuma peke yake, mbali na ngozi yenye maji. Kisha akadai kalamu ya wino mzito, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni. Kwenye kopo la nta: SI SUKARI. Kwenye chupa: SI DAWA, SI SIKI. Kwenye mfuko wa kisu: SI CHA MUHOGO. Ukanda wa kunolea haukuandikwa chochote, na umeshapotea. Nasikia unafunga mlango wa banda la kuku wa jirani.

Jiwe alikataa kulala nalo nyumba moja. Lilirudishwa kwa fundi, ambaye hakurudisha hela, akidai lilishatumika. Sasa nagongea kwenye gogo nililopewa na muuza nyama, nalo linafanya kazi, ila paka wa mtaa mzima wanahudhuria.

Kwa hiyo natangaza kwa yeyote mwenye kipande cha granaiti kilichobaki kwenye ujenzi: futi moja kwa futi moja kinatosha, unene usipungue sentimita 3, upande mmoja uwe bapa. Nitakuja kukichukua mwenyewe na bei tutaelewana. Kisiwe na maandishi yoyote, hata yaliyoandikwa vizuri.