Jinsi ya Kuishi na Folkboat Bila Kugombana Nayo

Kabla hujalipa hata senti, ingia kibandani ujaribu kuvaa suruali. Ukiivaa umesimama, basi unauziwa chombo kingine. Folkboat, mashua ndogo ya matanga, ina urefu wa mita 7.68 na upana wa mita 2.20, na mtu mzima wa kimo cha kawaida hasimami wima humo. Anavaa akiwa amelala, anapika akiwa ameketi. Ukianza kunung'unika, toka nje ukitazame chombo kwa ubavu: kibanda kimekaa chini, mbao hazipandi sana juu ya maji, na upepo haupati pa kushika ila tangani. Nafasi uliyonyimwa kichwani utarudishiwa siku unapopambana na upepo wa mbisho. Katika vyombo vidogo vya safari, sijui kilichobanwa kwa busara kuliko hiki.

Busara hiyo haikutoka kichwa kimoja. Mwaka 1941 wasafiri wa matanga wa nchi za Skandinavia waliitisha shindano la kubuni chombo cha bei nafuu ambacho familia ya kawaida ingeweza kukitumia kushindana na kutalii. Michoro ikaja kwa wingi, lakini waamuzi hawakumtangaza mshindi. Walichagua mazuri ya michoro kadhaa, Mswidi Tord Sundén akayaunganisha, na chombo cha kwanza kikashushwa majini Göteborg mwaka 1942.

Somo linalofuata ni kutopiga kelele kinapolala. Chombo kizima kina uzito wa kilo 1,930 hivi, na zaidi ya nusu yake ni chuma kilichofungwa chini ya mkuku. Jahazi hubeba farumi ya mawe inayopakiwa na kupakuliwa. Hapa farumi ni sehemu ya mwili. Upepo ukivuma, Folkboat huinama upesi kidogo, mgeni akashika chochote kilicho karibu, kisha hukazana na kutulia hapo hapo. Keti upande wa juu, shika kana kwa vidole, wala usiivute kwa mikono miwili. Mkuku mrefu unajua njia yake.

Mkuku huohuo ndio utakaokuaibisha bandarini ukitaka kurudi kinyumenyume kwa mashine. Chombo kitaelekea kinakotaka. Anza kugeuka mapema, tayarisha kamba, na waombe jirani zako radhi kabla ya tukio.

Kuhusu mwendo, fanya amani na hesabu. Chombo kizito kikitembea hutengeneza wimbi, na wimbi hilo likishafikia urefu wa sehemu ya chombo iliyogusa maji, chombo hunaswa ndani yake kama katika bonde. Folkboat inagusa maji kwa mita 6, kwa hiyo kikomo chake ni karibu maili 6 za baharini kwa saa. Ongeza tanga upendavyo; utaongeza kelele na maji usoni. Mwenye haraka apande feri. Lakini mngoje mwenye boti nyepesi mpaka bahari ichafuke. Boti yake itapigwa na wimbi moja na kusimama. Yako italipasua na kuendelea kwa mwendo uleule. Matanga yote mawili ya Folkboat ni mita za mraba 24 tu, ndiyo maana katika ghuba ya San Francisco, ambako upepo wa kiangazi ni mkali kila alasiri, kundi la Folkboat limekuwa likishindana kwa miaka mingi.

Ukinunua ya mbao, nunua na ndoo. Mbao zake hupandana, kila moja ikilalia ile ya chini, na hufungwa kwa ribiti za shaba hadi kwenye mataruma. Zikikaa nchi kavu majira yote ya baridi husinyaa. Siku ya kushusha chombo utaona maji yakichungulia kwenye mapandano, tone baada ya tone, mpaka yawe mstari unaong'aa ubavuni. Usikimbilie gundi! Ukijaza nafasi ile kwa kitu kigumu, mbao zitakapovimba hazitakuwa na pa kwenda, na zitavunja kitu. Fua maji, ngoja, fua tena. Kwa kawaida mbao hufunga zenyewe.

Jamaa watakuambia ni chombo cha ziwani. Waambie kuhusu Blondie Hasler. Mwaka 1960, katika mashindano, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Plymouth hadi New York katika Jester, Folkboat aliyoiwekea tanga la mtindo wa Kichina ili aliongoze bila kutoka kibandani. Alitumia siku 48, akawa wa pili nyuma ya Francis Chichester, ambaye chombo chake kilikuwa kikubwa zaidi. Mwaka 1965 Sharon Sites Adams alitoka California katika Folkboat akafika Hawaii baada ya siku 39, peke yake. Sidhani kama yupo kati yao aliyekuwa akivaa suruali akiwa wima.

Mwisho ni bolti za mkuku. Muulize muuzaji lini zilitolewa na kukaguliwa, kwa sababu tani nzima ya chuma inaning'inia hapo na kutu haionekani kwa juu. Akikujibu kwamba rangi ni mpya, chomoa bolti moja mbele yake, ukiwa na ruhusa yake, uitazame ilivyo katikati. Ikiwa imeliwa ikawa nyembamba, punguza bei kwa gharama ya bolti zote na kazi yake. Akikataa kukuruhusu uichomoe, nenda katazame nyingine, zimeundwa maelfu.