Madumu Matatu na Kijiti cha Panda

Likizo ile nilifika Mnyambe kwa bibi nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na fizikia nilikuwa naijua kiasi cha kuwakera watu. Ukinyanyua kijiko, nakutajia kani zilizohusika. Bibi alivumilia siku mbili. Ya tatu akanisogezea madumu matatu.

"Mume wangu, hizo kani zako zikachote maji."

Ilikuwa Oktoba, mabibo yananukia mpaka chumbani, na tanki la maji ya mvua limebaki tope. Huku juu kwenye Uwanda wa Makonde ardhi ni kichanga; mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na maji yanakuja kuchomoza huko mabondeni. Bomba likigoma, unashuka. Baiskeli niliazima kwa mjomba.

Kushuka hakuna hadithi. Kurudi nilikuwa na dumu moja kila upande na la tatu juu ya keria, yote yamezibwa kwa magunzi. Lita 60, kilo 60, uzito wa nyutoni 600 hivi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 52. Kwa hiyo nani alikuwa anamsukuma nani mlimani, sina hakika. Katikati ya mwinuko akanipita mama mmoja mwenye ndoo juu ya ngata, jani la mwembe likielea juu ya maji yasimwagike, mikono yote miwili inamenya embe. Kitovu chake cha graviti kilikuwa kimetua sawasawa juu ya nyayo zake. Changu kilikuwa kinatangatanga.

Nikafika, lakini. Uani nikaegemeza baiskeli upande wa kushoto kwa kijiti chenye panda, kama nilivyoona watu wanavyofanya. Magurudumu mawili na kijiti, pembetatu safi, na uzito wote umeangukia ndani yake. Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama ule msawazo. Watoto wa jirani nao wakaja kutazama. Nikawaeleza kidogo habari za Newton, kwamba tangu mwaka 1687 aliandika kuwa kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kani ikisumbue.

Kisha nikaenda kukisumbua. Nikafungua mpira wa kufungia mizigo, nikashusha dumu la kushoto, lile la upande wa kijiti.

"Kaka, si huko!" alipiga kelele mtoto wa darasa la tatu. "Anza la juu, halafu la kule!"

Dumu la kulia, sasa halina mwenzake wa kulivuta kwetu, liliitoa baiskeli kwenye panda polepole, kwa heshima kabisa. Nilidaka usukani. Usukani ukageuka, kama usukani unavyopaswa. Baiskeli ikalala, la juu likafuata, gunzi likaruka likampiga jogoo, na lita 40 zikatoka kwa mlio wa *gulugulu* ambao bado nausikia. Kabla sijasimamisha dumu la kwanza, mchanga ulikuwa umekwisha kuyanywa yote. Umebaki unyevu tu, na kuku wanauchakura.

Bibi alitoka jikoni na mwiko. Akautazama ule unyevu, akanitazama mimi.

"Mume wangu, na nyutoni zimebaki ngapi?"

"Mia mbili, bibi."

Akaingia ndani, akatoka na ngata na ndoo ya lita kumi, ile ya yule mtoto wa darasa la tatu. Jani akaniambia nitalichuma hukohuko njiani.