Namna ya Kuendesha Kesi ya Masega

Gari lina miaka ishirini na ushee, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na fundi ameshatoa hukumu kabla ya kufungua boneti: "Bosi, masega yamekufa hayo. Tuyatoe tu." Kataa. Masega yana haki ya kusikilizwa kama mtuhumiwa mwingine yeyote. Fuata hatua hizi, kesi iendeshwe kwa haki na mfuko wako usalimike.

1. Mjue mtuhumiwa

Masega, au katalitiki konveta, ni kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi. Ndani mna kauri yenye matundu madogo madogo yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, huigeuza kaboni monoksidi na petroli isiyoungua kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Hayana kinachozunguka wala kinachohitaji grisi. Yakifa mapema, mara nyingi yameuawa, na muuaji yuko upande wa injini.

2. Usimzibe shahidi mdomo

Wapo wanaobandika plasta nyeusi juu ya taa, na wapo wanaong'oa globu kabisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Taa ikiwaka moja kwa moja, una nafasi ya kwenda gereji leo au kesho. Ikiwakawaka, injini inamisi na petroli mbichi inaungulia ndani ya masega sasa hivi. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama, na usiegeshe juu ya majani makavu: kopo hilo lina moto wa kutosha kuyawasha.

3. Soma ushahidi wote

Mashine ya kupimia ikitoa kodi P0420, imesema uwezo wa masega umeshuka. Haijasema nunua mengine. Uliza sensa za oksijeni, ile ya mbele ya masega na ile ya nyuma yake, zinasema nini. Sensa ya kawaida ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, tena haraka. Ya nyuma hutakiwa kutulia, kwa sababu masega yameshaifanya kazi yao. Zote mbili zikicheza pamoja, hapo mtuhumiwa ana la kujibu. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, na vipimo hivyo haviihusu. Fundi asiyelijua hilo ataibadilisha ikiwa nzima.

Kagua pia maungio ya ekzosi. Ufa mdogo huingiza hewa ya nje, na sensa ikatoa ushahidi wa uongo bila kukusudia. Kodi ikiwa P0135, tatizo liko kwenye hita ya sensa ya mbele au umeme wake. Anza na fyuzi na nyaya.

4. Mtafute muuaji

Fungua plagi, pima koili. Moshi wa bluu unamaanisha injini inakula oili. Maji yanayopungua kwenye rejeta bila kuvuja nje yanaweza kuwa yanapitia gasketi ya silinda hedi. Kisha chomoa sensa uitazame ncha yake: masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta kuzidi, utando mweupe huachwa na maji ya rejeta au silikoni isiyofaa aliyopaka fundi. Ukifunga masega mapya kabla ya kumaliza hayo, umempelekea muuaji mwathirika wa pili.

5. Pima kama njia imeziba

Gari likikosa pumzi mlima Kitonga ilhali kwenye tambarare linakwenda, shuku kuziba. Kopo likishapoa, ligonge kwa nyundo ya mpira. Likilia njuga, kauri imevunjika. Kipimo cha uhakika ni kufunga geji ya presha kwenye tundu la sensa ya mbele. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 na geji ikavuka psi 3, njia imeziba.

6. Toa hukumu

Sensa ikiwa ndiyo mbovu, ifungue injini ikiwa na uvuguvugu, kwa spana ya 22, na grisi isiguse ncha ya mpya. Masega yakiwa yamekufa kweli, weka mengine yanayolingana na injini. Kuyabomoa kwa nondo ukaacha kopo tupu si matengenezo. Sumu yote inamwendea wa bodaboda aliye nyuma yako na mtoto anayesubiri daladala, nao hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Zamani palikuwa na utetezi, maana risasi kwenye petroli iliyaua masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na utetezi ukaisha.

Mwisho, ukibadilisha masega, dai kopo la zamani mkononi mwako kabla ya kulipa. Madini yaliyomo yana wanunuzi, na anayejitolea kukutolea bure anaijua bei. Kopo ni lako. Kama kuna wa kuliuza, ni wewe.