Kumi na Nne Inakataa, Kumi na Tano Inacheza

Barua ilikuja na picha. Jumuiya ya wenye nyumba wa mtaa wetu hapa Pearland, kusini kidogo ya Houston, ilikuwa imeyapiga picha majani ya mbele ya nyumba yangu, ikayazungushia duara jekundu kama mtuhumiwa, na kunipa siku 10 niyakate. Tabata nilikokulia, majani yakizidi unaazima mbuzi wa jirani. Unamfunga kamba asubuhi, na jioni kazi imekwisha na mbuzi ameshiba. Hapa huyo mbuzi angeandikiwa barua yake mwenyewe.

Mashine ya kukatia majani ninayo, ila kisu chake kilikuwa butu kiasi kwamba hakikati tena, kinayalaza tu majani kama mtu anayechana nywele. Kisu kipya nilikwisha kununua. Kinashikwa na boliti moja. Boliti moja tu! Mke wangu akauliza kama si vizuri tukamwita fundi. Nilimtazama kwa huruma.

"Mimi nimekulia gereji," nikamwambia.

Ukweli wake uko hivi. Mjomba alikuwa na Corolla ya spana mkononi, ile aina ya gari ambayo ukiiona inatembea ujue inatoka gereji au inakwenda. Jumamosi zangu nyingi ziliishia gereji bubu, chini ya mwembe, nikiwa mshika tochi. Fundi akiwa uvunguni ananyoosha mkono tu: "Kumi na mbili!" Nampa. "Kumi na nne!" Nampa. Miaka ikapita, na katika kumbukumbu zangu aliyekuwa uvunguni akawa mimi.

Nikaenda dukani, barabara ya Broadway, ambayo kwenye ramani inaitwa FM 518. Ukuta mzima ulikuwa wa spana, unang'aa kama duka la sonara. Kijana wa dukani akaniuliza swali moja: "Milimita au standadi?"

Swali la ajabu. Milimita ndiyo standadi yenyewe! Corolla ya mjomba ilikuwa ya milimita, baiskeli yangu ya milimita. "Milimita," nikajibu kwa sauti ya mtu aliyekulia gereji. Nikachukua sanduku lililoandikwa vipande 230, kwa kuwa la pembeni lilikuwa na 94, na hesabu za namna hiyo huwa hazinipigi chenga.

Sikuuliza kipande ni nini. Baadaye nilikaa sakafuni nikahesabu: zaidi ya nusu vilikuwa vichwa vya bisibisi vidogo kama punje za mahindi, na vijifunguo vya pembe sita vya kufungia sijui nini. Ni sawa na kuambiwa sinia lina vitu 3,000, ukalifunua ukakuta ni wali, na kila punje imehesabiwa.

Julai ya huku hairuhusu kazi ya mchana. Joto linapita nyuzi 35, na hewa ni nzito kama jiko la shughuli. Nikangoja giza liingie, nikampa mwanangu wa miaka 10 tochi, nikafungua sanduku. Lilikuwa limelala kifudifudi. Vipande vyote 230 vikamwagika kwenye saruji kwa mlio ambao jirani alizima redio ili ausikilize. Boksi ya 10 sijaiona tangu usiku ule. Mafundi wanajua kwamba boksi ya 10 ndiyo hupotea kwanza. Yangu ilipotea kabla haijafungua nati hata moja.

"Baba," mtoto akasema, "kwenye kitabu cha mashine..."

"Shika tochi vizuri."

Nikailaza mashine ubavu. Kumbe ina ubavu wake wa kulalia, na mimi nilikuwa nimeilaza kwa ule mwingine, maana oili ilianza kushuka taratibu kwenye filta ya hewa. Nikajifanya sijaona. Nikapachika 14 kwenye racheti: inakataa, haiingii kabisa. Nikapachika 15: inaingia, lakini inacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Baba, ile namba..."

"Tochi!"

Nikaiegemea ile 15 kwa uzito wangu wote. Ikateleza. Vifundo vya vidole vikapiga chuma, nikatamka neno ambalo mtoto aliniuliza maana yake kesho yake asubuhi. Pembe za boliti zikaanza kulika. Hapo nikatoa spana malaya, ile inayokubali nati ya kila saizi (jina walilipa mafundi, si mimi). Ilipomaliza kazi, kichwa cha boliti kilikuwa duara safi kama shilingi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi wa malori Dallas, mwendo wa kama saa nne kwa barabara ya I-45. Nikampigia kwa video, nikamwonyesha. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Shem," akasema mwishowe, "waya wa plagi umeuchomoa?"

Sikuwa nimeuchomoa.

"Uchomoe sasa hivi, usije ukaniachia dada yangu mjane kwa sababu ya majani. Halafu usiguse kitu. Nakuja Jumamosi."

Alifika Jumamosi jioni, na sanduku lake lilikuwa dogo kuliko langu. Hilo liliniuma. Hakulicheka langu, alilipitia kimyakimya, kama daktari anayesoma faili la mgonjwa mkaidi. Akaokota boksi ya 15, akanielekezea mdomo wake.

"Hesabu pembe."

Zilikuwa 12. Akanipa ya kwake: sita. Pembe 12, akaeleza, zina raha ya kuingia upesi, kwa sababu kila nyuzi 30 zinapata pa kushika. Lakini zinaishika nati kwenye ncha za kona. Pembe sita zinaukumbatia ubapa wake. Nati laini au yenye kutu ukiipa pembe 12 unaila. Ukiipa sita, unaifungua.

Kisha akaizungusha racheti yangu karibu na sikio, krr, krr, krr, kama anayesikiliza saa ya ukutani. "Meno 24. Kila jino nyuzi 15. Ukiwa mahali pafinyu, mkono utaupitisha wapi?" Yake ilikuwa na meno 72, kwa hiyo ukiisogeza nyuzi tano tu inakamata. Boksi nzuri za mkono, akaendelea, ni za chuma chenye kromu na vanadi. Zile nyeusi nene za mashine ya upepo zina kromu na molibdeni, na ukiifunga boksi inayong'aa kwenye mashine ya upepo inaweza kupasuka usoni pako. Na kabla hujalipa, pitia namba: 10, 11, 12, 13, moja baada ya nyingine. Seti yangu yenye vipande 230 ilikuwa imeruka 16 na 18.

Nikajitetea kwamba spana si kitu chepesi kama watu wanavyodhani. Hapo alinihurumia. Mwaka 2019, akasema, kampuni ya Stanley Black & Decker ilitangaza kujenga kiwanda cha dola milioni 90 kule Fort Worth, jirani na kwake, kitengeneze spana na boksi za Craftsman kwa mitambo ya kisasa. Mwaka 2023 ikatangaza kukifunga. "Kwa hiyo usijione uko peke yako, shem. Spana zimewashinda hata wenye roboti."

"Sasa hii boliti ni namba ngapi?" nikauliza.

"Tisa ya kumi na sita."

Nikadhani anataja tarehe. Kumbe Marekani ilitunga sheria ya kuhamia vipimo vya mita mwaka 1975, ila ikaifanya ya hiari, na jambo la hiari tunajua linavyokwenda. Magari yakahamia milimita. Mashine kama yangu ikabaki kwenye inchi, na inchi hizo ndizo yule kijana wa dukani aliziita standadi. Chukua inchi moja, igawe thumuni nane, kila thumuni ipasue katikati, kisha uchukue vipande tisa. Unapata milimita 14.29. Ndiyo maana 14 ilikataa na 15 ikacheza.

Wala sina cha kujitetea. Kule kule Tabata fundi bomba ananunua bomba la nusu na la robo tatu, seremala anaagiza mbao mbili kwa nne na misumari ya inchi nne. Inchi nimekua nazo. Tatizo ni kwamba gereji ya chini ya mwembe hatukuwahi kuzikaribisha.

Shemeji akatoa boksi ya kutolea nati zilizolika, ile yenye meno yaliyojipinda ndani, akaigongomea kwenye boliti kwa nyundo, akakaza mkono. Boliti ikatoka ikilia. Akavalisha kisu kipya na boliti mpya, akaizungusha kwa vidole. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma kama yule fundi wa mwembeni.

"Tisa ya kumi na sita!"

Nikainama kutafuta. Kabla sijafika kwenye sanduku, boksi ilikuwa imeshatua kiganjani mwake. Mwanangu ndiye aliyeiweka.

"Umeijuaje?" nikamuuliza.

"Iko kwenye kitabu cha mashine, ukurasa wa kisu. Shuleni tunafanya inchi kila siku."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Uliniambia nishike tochi."

Mke wangu alikuwa mlangoni na jagi la juisi, amesikia kila neno. Nikajiandaa kupigwa spana. Hakusema kitu. Aliweka jagi chini, akaichukua tochi mkononi mwa mtoto, akanikabidhi mimi.