Mlinzi Kamfungia Nje Mwenye Nyumba

Tuseme ni mwalimu wa Namasakata, kule Ruvuma kwenye mikorosho, aliyekabidhiwa tovuti ya shule kwa sababu tu simu yake ndiyo haiishiwi bando. Tovuti imejengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003, na fundi akaiwekea programu jalizi ya ulinzi kabla hajaacha kupokea simu. Ukikosea nywila mara kadhaa, jalizi inakufungia nje.

Nia ni njema. Roboti za wadukuzi hukesha zikijaribu “admin” na “123456”, wala hazibagui benki na shule ya kata.

Kasheshe inaanzia mlangoni, mwalimu anapotakiwa kuthibitisha kuwa ni binadamu. Kuna reCAPTCHA, ambayo Google iliinunua mwaka 2009, yenye picha zilizokatwa miraba. Chagua bomba la zimamoto la kando ya barabara! Namasakata moto huzimwa kwa ndoo na makelele. Chagua taa za kuongozea magari! Hapo labda akumbuke safari ya Dar. Hatimaye zinakuja pikipiki, na mwalimu anacheka: bodaboda nani asiyeijua? Lakini kioo cha pembeni kimeingia mraba wa jirani kwa upana wa ukucha. Je, kioo nacho ni pikipiki? Anaugusa, anaambiwa ajaribu tena. Anauacha, anaambiwa ajaribu tena.

Akifanikiwa kuingia, anakuta taarifa nyekundu: kuna mtu amekuwa akikosea nywila, na yuko Dar es Salaam. Mwalimu hakumpa mtu wa Dar nywila yake. Kwa hasira ya haki anabonyeza “Zuia”.

Kajizuia mwenyewe. Zipo jalizi zinazomkatalia mtu asijifanyie hivyo. Hii ya fundi haimo.

Mfumo wa anwani za intaneti uliowekwa mwaka 1981 una nafasi kama bilioni 4.3 tu, pungufu ya idadi ya watu duniani, hivyo mitandao ya simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani hiyo ikitokea Dar, basi na mwalimu anaonekana yuko Dar, na kijana wa Kariakoo akikosea nywila kwenye tovuti hiyohiyo, adhabu inafika mpaka Namasakata. Kuzima data na kuiwasha huweza kumpa mtu anwani nyingine, ambayo pengine mwenzake keshaiharibu.

Afadhali yeye. Mwaka 2016 waandishi wa Marekani walieleza masaibu ya shamba moja la Kansas. Kampuni ya kukisia mahali zilipo anwani, MaxMind, ilipokosa jibu iliandika tu mahali karibu na katikati ya nchi, na hapo ndipo penye shamba lile. Anwani zaidi ya milioni 600 zikahesabiwa zinaishi humo, na polisi wakawa wanabisha hodi kutafuta matapeli.

Dawa ipo, na mafundi wanaijua: ingia kwenye mafaili ya seva, badilisha jina la folda ya jalizi, nayo italala. Mwalimu anaipigia kampuni inayohifadhi tovuti, aombe msaada. Anajibiwa kwa upole kwamba maombi yote hupokelewa kwa fomu, na kiungo cha fomu kiko ndani, baada ya kuingia kwenye tovuti.