Weka Pampu Chini: Mwongozo kwa Mwenye Waridi wa Thika na Ruiru

Kama una mawaridi Thika au Ruiru na yameanza kuliwa, hatua ya kwanza ni kuiweka pampu chini. Iweke mbali, mahali mkono wako hauwezi kuifikia kwa hasira. Kisha jibu swali ambalo muuzaji wa agroveti huuliza kila Jumamosi bila kupata jibu:

"Nipe dawa ya wadudu."

"Wadudu gani, mama?"

"Hawa wa maua, kijana wangu."

Mama huondoka na chupa. Jioni hunyunyiza, kesho yake hurudia, na baada ya wiki mbili majani yamegeuka rangi ya shaba huku adui akizidi kuongeza ukoo. Dawa haikuwa bandia. Ilikuwa na namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, kwenye kibandiko. Kosa ni kwamba aliyekuwa akinyonya majani ni utitiri mwekundu, na utitiri si mdudu. Una miguu minane, ni jamaa wa buibui na kupe, na dawa nyingi za wadudu haziudhuru. Waliokufa ni wale waliokuwa wakiula. Mama amelipa pesa zake kuwaua askari wake mwenyewe.

Kwa hiyo nunua kwanza lenzi ndogo ya kukuzia, na utafute karatasi nyeupe. Lishike tawi juu ya karatasi, uligonge mara mbili tatu, kisha tazama kinachotembea. Nukta zinazojikokota, nyingine zenye doa jeusi kila ubavu, ni utitiri. Nukta ya rangi ya chungwa inayong'aa na kukimbia kwa kasi huenda ni utitiri mlaji, rafiki yako. Mwache aendelee na kazi. Hapa hapa Thika, kampuni ya Real IPM hufuga walaji hao, Phytoseiulus persimilis, kwa ajili ya mashamba ya maua. Wakulima wa maua hulipia kitu ambacho wewe unakimwagia sumu bure.

Utitiri hupenda joto, ukavu na vumbi, ndiyo maana Januari na Februari ni sikukuu yake, hasa kwenye nyumba zilizo kando ya barabara za murram. Geuza jani: ukiona vidoa vyeupe juu na utando mwembamba chini, umeupata. Chukua mpira wa maji na uoshe upande wa chini wa majani asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Watu wengi huosha juu tu, panapoonekana na majirani. Utitiri hauishi juu.

Vidukari ni rahisi zaidi kuwatambua kwa sababu hawajifichi. Hujazana kwenye machipukizi na vitumba, kijani au rangi ya waridi, wakinyonya utomvu. Jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na baada ya wiki moja hivi binti naye ni mama. Kabla ya kuogopa hesabu hiyo, tafuta wenye njaa: mbawakawa wenye mgongo mwekundu wa madoa meusi, watoto wao weusi wasiopendeza, na mabuu ya nzi wa maua. Wakiwapo, ngoja siku chache. Wasipokuwapo, maji ya nguvu hutosha, au vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja, ukinyunyiza jioni mpaka dawa imguse mdudu mwenyewe. Sabuni ikikauka kwenye jani haimuui mdudu. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye karai, itaunguza majani.

Vithiripi ndio wajanja. Hujificha ndani ya kitumba, na ua likifunguka kingo za petali zina rangi ya kahawia kana kwamba zimepigwa pasi. Mtego wa gundi wa rangi ya buluu utakuonyesha kama wapo; ule wa manjano huwanasa zaidi nzi weupe na vidukari wenye mabawa. Kata maua yaliyochakaa uyaondoe bustanini, maana ua kuukuu ndilo nyumba yao.

Vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba kwenye maungio ya matawi, wana historia na mji huu, na ni historia inayostahili kukaririwa katika kila agroveti. Katika miaka ya 1920 waliivamia kahawa ya nyanda za juu za Kenya, na eneo la Thika likaumia vibaya. Wataalamu walidhani ni spishi nyingine iliyokwisha kujulikana, wakatafuta maadui wake wa asili hadi Asia. Walioletwa hawakusaidia kitu. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alionyesha kwamba huyu ni wa aina yake, na akampa jina la kenyae. Hapo msako ukageukia Afrika Mashariki yenyewe, na mwaka 1938 nyigu wadogo wa jenasi Anagyrus wakaletwa kutoka Uganda. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya kidung'ata, na mabuu humla angali hai. Janga likatulia. Miaka zaidi ya kumi ilipotea kwa sababu mdudu alikuwa na jina lisilo lake.

Wakulima wale wa kahawa waligundua pia kwamba chungu huwalinda vidung'ata ili walambe utamu wanaoutoa, wakapaka grisi kwenye mashina ya kahawa kuwazuia. Kwenye waridi, zungushia shina karatasi ya gundi kwanza, kisha paka grisi juu yake. Chungu wakikosa njia, nyigu na mbawakawa hupata nafasi.

Ukilazimika kununua dawa, nenda na jani lenye mdudu mwenyewe. Soma kiambato amilifu, usirudie kilekile msimu mzima, na usinyunyize nyuki wakiwa kazini. Mafuta ya mwarobaini na dawa ya pareto ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini pareto nayo haichagui rafiki wala adui, kwa hiyo elekeza pale penye wadudu tu.

Mmoja hapaswi kuhurumiwa: kiwavi wa nondo Thaumatotibia leucotreta, anayetoboa kitumba na kula kwa ndani. Huyu hula pia parachichi, pilipili hoho, machungwa na mapera, mimea iliyojaa katika viwanja vyetu, na tangu tarehe 26 Aprili 2025 Umoja wa Ulaya unadai masharti maalumu juu yake kwa waridi linalotoka Kenya. Bustani yako iko karibu na mashamba ya maua ambako watu wa mtaa wako wanafanya kazi. Ukikuta kitumba chenye tundu na kinyesi cha kiwavi, usikitupe kwa jirani wala kwenye mboji. Kikate, ukizamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na umwambie jirani akague vyake leo hii.