Alama za Komba

Wanyama wa pwani ya kusini walikuwa na Mkataba wao. Waliupitisha mwezi Agosti 2010, siku zile zile binadamu walipokuwa wakishangilia Katiba mpya kule Uhuru Park, na wapo wasemao kwamba waliinakili. Mimi siwalaumu. Ila wa kwao ulikuwa mfupi, kwa sababu msituni hakuna mawakili wanaolipwa kwa wingi wa kurasa. Ulisema mambo matatu. Msitu ni wa wanyama wote, Baraza limeazimwa tu. Asitozwe mnyama ushuru ambao hakuulizwa. Na Baraza lisijitwike kazi ambayo mnyama anaweza kujifanyia mwenyewe. Ukasomwa chini ya mbuyu mmoja pale Diani, vigelegele vikapigwa, kila jamii ikamtuma mjumbe.

Uspika alipewa Hondohondo kwa ajili ya mdomo wake; masikio hakuna aliyeyakagua. Nyani alitoka Shimba Hills, Fisi akatoka Kinango, Kenge kwenye mikoko ya Gazi, na Paa kwenye vichaka vya Msambweni. Mbega wa Diani hawapendi kushuka chini, kwa hiyo walimtuma Kima awasemee, ndugu yao wa mbali ambaye haoni tabu ya kwenda na kurudi. Ndovu wa Mwaluganje hakuwa mjumbe. Alikuwa Mkubwa, na kabla ya kusema lolote wajumbe walitazama kwanza masikio yake yamepepea upande gani.

Miaka ikapita. Wanyama wakaanza kuulizana: hawa tuliowatuma wanafanya nini huko?

Wa kwanza kujitolea kuwapima alikuwa Kunguru. Kunguru hawa si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, kisha wakavuka hadi huku na kuanza kula kila kitu isipokuwa taka. Kipimo chake kilikuwa chepesi: mjumbe akisimama kusema, alama moja, asiposimama, hapati kitu. Masika hayajaisha, matokeo yakaonekana. Kenge, ambaye kwa miaka mitatu hakusikika ila akipiga chafya, alisimama mara tisa asubuhi moja. “Mheshimiwa Spika, nasimama kumuunga mkono aliyetangulia.” Aliyetangulia naye alikuwa amesimama kumuunga mkono aliyemtangulia. Hoja ilihusu kisima. Hadi jua linazama hakuna aliyesema kichimbwe au kisichimbwe, lakini Kenge alishika nafasi ya pili kwenye orodha na akafanyiwa karamu huko Gazi.

Nisieleweke vibaya. Binadamu wa Kenya wanalo shirika liitwalo Mzalendo Trust, ambalo hupitia Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, na kuhesabu michango ya wabunge, kisha huwataja wasemao na wale ambao hawajafungua mdomo. Kazi hiyo ina faida, maana mjumbe bubu ni hasara ya waziwazi. Ila kusema ni jambo moja na kupiga kura ni jingine. Mtu anaweza kuulaani mswada nusu saa kisha akaupigia kura kabla chai haijapoa.

Kipimo cha pili kililetwa na Tumbili bila kukusudia. Alikuwa ameingia chumba cha mgeni hotelini akitafuta vipakiti vya sukari, akatoka na mkoba mzima. Sukari haikuwemo. Mlikuwa na mafuta ya kujikinga na jua, ambayo aliyala akajuta, na jarida la Kimarekani lenye majina ya watunga sheria wa jimbo fulani, na mbele ya kila jina alama juu ya 100. Hakuna aliyejua kulisoma isipokuwa Komba, tena usiku. Huko Marekani, Komba akawaeleza, vipo vikundi vinavyoichukua kila kura na kuiuliza swali moja: je, katiba inairuhusu serikali kufanya jambo hili, au inajiongezea tu madaraka na mkoba? Mjumbe aliyeafiki kisichoruhusiwa hukatwa. Vipo pia vikundi vya upande wa pili, vinavyozichukua kura zilezile na kuzipindua alama. Msomaji hujichagulia wa kumwamini.

“Nasi tufanye hivyo,” akasema Komba. “Mkataba tunao.”

Wanyama wakatazamana. Kwale nzima inajua habari za komba. Usiku hupanda mnazi wa mgema, huinamia kibuyu, na alfajiri hukutwa amelala chini ya mnazi, macho mekundu, hajui jina la mama yake. Huyo ndiye awape waheshimiwa alama? Lakini hakuna mwingine aliyekuwa macho usiku, na miswada mizito ya Baraza ilipendelea usiku. Wakampa kipande cha mkaa.

Wiki ya kwanza alirudi mkono mtupu. Kumbe barazani kura hazikuwa na wenyewe. Spika aliuliza, “Wanaoafiki waseme ndiyo,” ikapanda kelele. “Wasioafiki waseme siyo,” ikapanda kelele nyingine, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza. Hondohondo akatazama juu, akasikiliza kwa mdomo, akatangaza: “Walioafiki wameshinda.” Jioni ile Kima aliwaambia mbega kwamba amepiga kelele ya “siyo” mpaka sauti ikakauka. Asubuhi alimwambia Ndovu kwamba amepiga ya “ndiyo” mpaka sauti ikakauka. Sauti kweli ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo penye kitovu cha mambo, na ni hivyo hivyo kwa binadamu. Kura nyingi za bunge hupita kwa sauti. Majina kwa kawaida huandikwa pale wajumbe wa kutosha wanaposimama kudai kura ihesabiwe kwa kila mmoja, na mjumbe mwenye busara ya tumbo hasimami. Komba angeweza kuwa mwerevu kuliko kadhi, asiyeandikwa hapimwi.

Ndipo ukaja Mswada wa Ushuru wa Madaraja.

Anayeijua barabara ya Diani amewahi kuyaona madaraja ya kamba yanayoning'inia juu yake kutoka mti hadi mti. Yalifungwa na wahifadhi wa mbega, kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua mbega waliokuwa wakivuka chini. Baraza halikuwa limetoa hata uzi. Mswada ulisema kila mbega atakayepita atatoa vitita viwili vya majani kwa mwezi, na kila kasa atakayepanda ufuoni kutaga ataacha yai moja, ili Baraza lipate uwezo wa “kuyasimamia madaraja na fukwe.” Aya ya mwisho, kwa maandishi madogo, iliongeza marupurupu ya vikao.

Maoni yaliombwa, kwani Mkataba unataka hivyo. Tangazo lilibandikwa Ijumaa jioni. Kikao kikawa Jumamosi asubuhi, Lunga Lunga, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali ambapo mbega wa Diani angefika siku ya tatu, kama angefika. Wakaandika barua ya kupinga. Karani wa Baraza akaipokea kwa heshima zote, akaisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema haikubaliki: haina alama za vidole gumba. Mbega hana kidole gumba. Mungu hakumpa.

“Basi niletee aliye nacho akuwekee,” akasema karani.

“Tuna Kima.”

“Kima ni mjumbe, hawezi kulalamika kwa Baraza analoketi ndani yake.”

Usiku wa kura, Spika aliuliza kwa sauti, akasikiliza kwa mdomo, na alikuwa anakaribia kutangaza Fisi aliposimama kudai majina. Tusimpambe Fisi. Wiki hiyo alikuwa ameondolewa kwenye kamati ya mifupa, na alikuwa na kinyongo cha kutosha kusimamisha Baraza mwezi mzima. Wengine waliokatwa marupurupu wakasimama naye, idadi ikatimia, na kwa mara ya kwanza Komba akausikia msitu ukijibu mmoja mmoja. Nyani: ndiyo. Kenge: ndiyo, naunga mkono aliyetangulia. Fisi: siyo. Kima aliitwa mara mbili. Mara ya pili akayatazama masikio ya Ndovu, akajibu ndiyo, taratibu, kama anayetumaini mkaa wa Komba umekatika. Paa alipoitwa palikuwa kimya. Alikuwa amevuka Likoni asubuhi kwa shughuli za dharura, ambazo mpaka leo hazijatajwa.

Mswada ukapita. Kesho yake mbega walifanya jambo ambalo hawalifanyi: walishuka. Walikaa barabarani kutoka Ukunda mpaka Galu, weusi kwa weupe, wazee na vitoto, na wengine hawakuinuka tena. Siku iliyofuata Ndovu akasema amesikia na hatatia sahihi. Wajumbe waliousifu mswada wakamsifu kwa kuukataa.

Tangu usiku ule majina yakawa yakidaiwa mara kwa mara, na mwisho wa mwaka Komba akabandika orodha yake mbuyuni. Fisi, ambaye hakuna mama anayemtajia mtoto jina lake usiku, alipata 90. Kima alipata 10. Mbele ya Paa paliandikwa “hakuwepo,” naye ndiye aliyelalamika kuliko wote, akisema ameharibiwa jina.

Mbega walisimama upande wa Kima. “Huyu ni wetu,” wakasema. “Msiba ukitufika anakuja. Alipokufa yule wa pale kwenye mkunjo wa barabara, sanda alitoa yeye.”

Ajuza mmoja wa mbega akauliza, “Huyo wa kwenye mkunjo alikufa kwa nini?”

“Gari.”

“Na daraja la pale lilikatika lini?”

Hakujibiwa. Waliendelea kumsifia Kima, ila kwa sauti ya chini zaidi.

Nyani hakubishana na orodha. Alianzisha yake. Mwezi haukuisha akatunukiwa ngao ya Mjumbe Bora wa Ukanda Mzima na taasisi ya utafiti ambayo ofisi yake, ukiuliza, ni tawi la tatu la mti wa Nyani. Wakenya hawatahitaji maelezo. Kila msimu magazeti hujaa matangazo ya pongezi kwa mheshimiwa fulani aliyeongoza katika kura ya maoni ambayo wewe, jirani yako na mkwe wako hamkuulizwa.

Aliyemtoa Komba jasho ni Kobe. Alifika siku nne baada ya wengine, akaisoma orodha yote, akamgeukia.

“Mwanangu, Baraza limepiga kura nyingi mwaka huu. Wewe umezichagua kumi. Kwa nini hizi?”

“Hizi ndizo zinazogusa Mkataba, babu.”

“Ya saba ni ipi?”

Komba akakohoa. Ya saba ilikuwa hoja ya kuwazuia wanyama kupanda minazi ya mgema usiku. Waliopinga walipewa alama kamili, kwa hoja kwamba Baraza lisijitwike kazi ambayo mnyama anaweza kujifanyia mwenyewe.

“Mnazi wenyewe ni wako?”

“Si wangu.”

“Kibuyu?”

“Cha mgema.”

“Basi mgema aliulizwa?”

Waheshimiwa wakacheka mpaka Hondohondo akaanguka kitini. Kenge akasimama kupendekeza orodha yote ifutwe, kwa kuwa mwandishi wake ni mlevi tena ana maslahi, na akaungwa mkono na wote waliotangulia. Nina hakika hii ndiyo siku waliyokuwa wakiingoja.

Kobe hakukubali. “Ulevi wake naujua,” akasema, “na ya saba ifutwe leo hii. Lakini Kima alisema ndiyo au hakusema?” Akamwamuru Komba asibandike tena alama tupu. Kando ya kila alama iandikwe hoja ilikuwa nini, nani aliitwa na alijibuje, ili anayeiona alama haikumkalia vizuri aifute na kuweka yake. Komba alifanya hivyo usiku ule, bila kunywa, na mkono ulimtetemeka. Fisi alibaki na alama zake nzuri na roho yake mbaya. Kima alibaki na neno lake moja.

Nyani aliomba maandishi yale yaondolewe kwa kuwa yanachafua mandhari ya watalii. Yapo mpaka leo.

Nimesimulia ya wanyama. Ya binadamu yameandikwa pia. Jumanne tarehe 25 Juni 2024, Bunge la Taifa liliupigia kura Mswada wa Fedha wa 2024 kwa kuhesabu: 195 waliafiki, 106 walikataa, katika Bunge lenye wabunge 349. Siku hiyo hiyo vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga waliingia bungeni, watu wakapigwa risasi na kufa, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Kaunti ya Kwale ina wabunge wa majimbo manne, Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, pamoja na mwakilishi wa wanawake. Majina matano, basi. Hansard ya siku hiyo husomwa bure. Yatafute mwenyewe, usimngoje mwenye orodha akuletee, na usilolikuta upande wowote, mwulize mwenyewe alikuwa wapi. Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027.